Chembe Iliyotupa Kiini Chake

Katika maabara za hospitali na vituo vya afya vya Mkoa wa Lindi, mvua za masika zinapokwisha, kazi inayowachosha macho mafundi sanifu kuliko zote ni kazi ya kutafuta kiini. Mtoto mwenye homa aliyeletwa kutoka Nyangamara, au kutoka kijiji kingine cha bara kilichozungukwa na mikorosho na mashamba ya ufuta, hudungwa kidoleni. Tone la damu yake hupakwa juu ya kioo chembamba, huachwa likauke, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Fundi anapoinamia hadubini hatafuti mdudu mwenye miguu wala mbawa. Hutafuta duara jembamba la buluu lenye nukta nyekundu ubavuni, mfano wa pete yenye kito. Buluu hiyo ni mwili wa kijidudu cha malaria, na nukta nyekundu ni kiini chake.

Vipimo vya haraka, vile vya kipande cha plastiki chenye mistari, vimeipunguza sana kazi hiyo katika zahanati, lakini havijaiondoa hadubini pale inapotakiwa kujulikana ni vijidudu wangapi walio katika damu na kama dawa inawapunguza.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba chembe hai, au seli kama iitwavyo katika vitabu vya shule, ina kiini, ana haki ya kuuliza swali hapa. Fundi wa maabara anakitambuaje kiini cha mgeni miongoni mwa mamilioni ya viini vya mwenyeji? Jibu ni kwamba chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini. Ilikuwa nacho, ikakitupa. Kiini kinachoonekana ndani ya chembe nyekundu ya mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida, si chake. Kimeingia pamoja na mvamizi. Hata ile njia ya tone nene hutegemea jambo hilo hilo. Tone halikazwi kwa dawa ya kukaza, kwa hiyo maji yaliyo katika rangi huzipasua chembe nyekundu zote na kuzifuta kwenye kioo. Yanayobaki ni viini vya chembe nyeupe na viini vya malaria. Fundi huhesabu chembe nyeupe 200, huhesabu na vijidudu alivyokutana navyo njiani, kisha hukadiria idadi yao katika damu kwa kuchukulia kwamba kila mikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000. Hesabu nzima ya malaria, kwa hiyo, ni hesabu ya viini.

Makala haya yanaeleza jinsi chembe hiyo inavyotengenezwa, sababu ya kukitupa kiini chake, na kwa nini jambo hilo linaloonekana kuwa la vitabuni tu lina uzito wa maisha na kifo kwa watoto wa pwani ya kusini.

DAMU YA KUKU

Mwalimu ambaye shule yake ina hadubini moja inayofanya kazi anaweza kuanzia jikoni. Siku kuku anapochinjwa, tone moja la damu yake lipakwe kwenye kioo liwe jembamba kabisa, likaushwe kwa hewa, likazwe kwa spiriti, kisha litiwe rangi ya buluu ya methilini. (Damu ya watu isitumike darasani, maradhi yanayosafiri katika damu ni mengi mno.) Kwa ukuzaji wa mara 400 wanafunzi wataona chembe zenye umbo la yai, na katikati ya kila moja kiini cheusi-buluu kilicho dhahiri kama kokwa ndani ya tunda. Kuku ana viini katika chembe zake nyekundu. Wanavyo pia njiwa, mjusi, chura, mamba, na changu aliyevuliwa Kilwa Masoko. Mamalia ndio waliojitenga na desturi hiyo: mbuzi, ng'ombe, popo, nyangumi na binadamu.

Watu wa Lindi wana mfano mkubwa zaidi ya huo. Katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 ilichimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini na kupelekwa Berlin. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la mji huo akiwa na urefu wa mita 13 na zaidi. Ndege ni wazao wa ukoo huo wa mijusi, na mamba ni jamaa zake wa karibu. Wote wana viini katika chembe nyekundu. Ni haki kabisa, basi, kuamini kwamba damu iliyopandishwa mita nyingi hadi kwenye kichwa cha mnyama yule ilikuwa na viini pia.

Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesoma katika kitabu kwamba chembe nyekundu hutupa kiini «ili kupata nafasi ya kubeba oksijeni zaidi». Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mepesi kupita kiasi. Kuku huruka, njiwa husafiri masafa marefu, na wote hubeba oksijeni ya kutosha huku viini vikiwa mahali pake. Tena chembe nyekundu ya kuku, pamoja na kiini chake, huishi siku 30 hadi 35 tu, hali ile ya binadamu isiyo na kiini huishi siku 120.

KIWANDA NDANI YA MFUPA

Kwa karne nyingi watu hawakujua damu inatengenezwa wapi. Wengine walidhani ini, wengine bandama. Mwaka 1868 Ernst Neumann, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Königsberg, alichunguza uboho ulio ndani ya mifupa ya binadamu na ya sungura, akakuta humo chembe nyekundu zenye viini. Alitambua kwamba alikuwa akitazama chembe changa, zile ambazo bado hazijaingia katika mishipa, na kwamba damu huzaliwa ndani ya mfupa. Wataalamu wa zama hizo hawakumkubali kwa urahisi.

Leo inajulikana kwamba mahali pa kutengenezea damu huhama kadiri mtoto anavyokua. Kiinitete cha wiki tatu hutengenezea damu yake ya kwanza katika mfuko wa yai ulio nje ya mwili wake, na chembe hizo za kwanza huingia katika mzunguko zikiwa bado na viini, kama za ndege. Kisha kazi huchukuliwa na ini, na katika nusu ya pili ya mimba huhamia katika uboho. Mtoto mdogo hutengeneza damu karibu katika mifupa yote. Kwa mtu mzima kazi hubaki katika uti wa mgongo, mbavu, kidari, nyonga, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono. Mahali pengine uboho mwekundu hugeuka kuwa mafuta ya manjano. Yeyote aliyewahi kugonga mfupa mrefu wa ng'ombe mzima katika supu ameyaona mafuta hayo.

Kiasi cha kazi inayofanyika humo hakina mfano katika viwanda vya binadamu. Mtu mzima ana chembe nyekundu zipatazo trilioni 25. Kwa kuwa kila moja huishi siku 120, uboho hulazimika kutoa mpya zaidi ya milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Zote hutokana na chembe chache zilizojificha katika uboho, ambazo huitwa chembe shina kwa sababu matawi yote ya damu huchipuka kwazo: nyekundu, nyeupe, na zile sahani ndogo za kugandisha damu.

Hapa ndipo kazi ya kiini inapoonekana. Ndani ya kiini kimoja kisichofika elfu kumi za milimita, yaani sehemu ya mia moja ya milimita, kumekunjwa uzi wa DNA ambao ukinyooshwa ungefika mita 2. Juu ya uzi huo yameandikwa maagizo yapatayo 20,000 ya kutengeneza protini, yaani jeni. Chembe shina, chembe ya ini na chembe ya ngozi zina maandishi yale yale. Kinachozitofautisha ni kurasa zilizofunuliwa na kurasa zilizofungwa. Chembe inayoelekea kuwa nyekundu hufunua kurasa za himoglobini na hufunga karibu kurasa nyingine zote.

Amri ya kuongeza kazi hutoka mbali, katika figo. Figo zikihisi upungufu wa oksijeni, kama kwa mtu anayepanda Kilimanjaro au kwa mtoto aliyenyonywa damu na safura, hutoa homoni iitwayo erithropoetini. Homoni hiyo hufika katika uboho na kuziokoa chembe changa ambazo bila yake zingekufa. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa hupungukiwa na damu hata kama uboho wake ni mzima na chakula chake ni bora.

Chembe changa hugawanyika mara nne au tano kwa muda wa siku tano hadi saba. Kila inapogawanyika huwa ndogo zaidi na nyekundu zaidi. Kiini hujikunyata, uzi wa DNA hukazwa mpaka usisomeke tena, na nakala za maagizo ya himoglobini zilizokwisha kutolewa huendelea kutumika nje yake. Mwishoni kiini husukumwa pembeni, chembe hujibana katikati kama kiuno cha nyigu, na kiini hutoka kikiwa kimefunikwa na utando mwembamba. Hakipotei ovyo. Chembe changa hukua zikiwa zimeizunguka chembe moja kubwa nyeupe, mlezi wao, ambayo huzipa msaada na ambayo humeza kila kiini kinachotupwa. Mlezi mmoja hula viini vya watoto wake wote na kurejesha malighafi yake mwilini.

Chembe iliyobaki hutoka katika uboho, na baada ya siku moja au mbili humaliza mabaki ya nakala zake. Tangu hapo haiwezi kugawanyika, haiwezi kutengeneza protini mpya, wala kurekebisha iliyoharibika. Hata zile mitokondria zinazounguza chakula kwa oksijeni imezitupa, kwa hiyo mbebaji huyu wa oksijeni hatumii hata chembe ya mzigo wake. Ni mfuko wenye molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli hubeba oksijeni nne.

Faida kubwa inayoonekana wazi ni ulaini. Chembe hiyo ina upana wa elfu 7 hadi 8 za milimita, lakini hupita katika vishipa vyembamba kuliko yenyewe, na katika bandama hujipenyeza kwenye nyufa zisizofika hata elfu 3 za milimita. Kiini ni kitu kigumu; chembe yenye kiini ingekwama. Nyufa hizo za bandama ni mtihani wa kila siku. Chembe iliyozeeka na kukakamaa hunaswa na kuliwa, na chembe iliyobakiwa na kipande cha kiini hupasuliwa kipande hicho kikatolewa, kama mpishi anavyotoa jiwe katika mchele. Habari hii ya bandama itahitajika tena hapa chini.

WENGINE WALIOVIHIFADHI VIINI

Chembe nyeupe hazikufuata njia hiyo, na kwa hakika hutambuliwa kwa maumbo ya viini vyao. Zile zinazowahi kwenye jeraha zina kiini kilichokatika vipande vitatu hadi vitano vilivyounganishwa kwa nyuzi, umbo linaloziwezesha kupenya kwenye kuta za mishipa. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba chembe hizo zikizidiwa hufungua kiini chake na kuitupa DNA nje kama jarife, vimelea wakanaswa humo. Kwa mkoa ambao wavuvi wake wanajua bei ya nyavu, mfano huo hauhitaji maelezo. Nyingine zina kiini cha mapande mawili na punje zinazopokea rangi nyekundu. Huongezeka kwa watu wenye minyoo, kichocho na matende. Zile za mviringo zenye kiini kinachojaza karibu chembe yote ndizo zinazotengeneza kingamwili. Hukata na kuunga upya sehemu za DNA zao ili kupata kingamwili za aina nyingi, jambo ambalo Susumu Tonegawa alilithibitisha mwaka 1976.

Sahani za kugandisha damu ni vipande tu, bila kiini, vilivyomeguka kutoka kwenye chembe kubwa kuliko zote za uboho. Mama yao huirudufu DNA yake mara kadhaa pasipo kugawanyika, na mwisho hutoa sahani elfu moja au zaidi.

KOSA LINALOANDIKWA KABLA

Sasa msomaji anaweza kuuona uzito wa jambo lenyewe. Chembe nyekundu ikitoka katika uboho na himoglobini mbaya, hakuna awezaye kuisahihisha, kwa maana kiini kilichoandikwa kosa kimekwisha kuliwa. Kosa huonekana katika damu, lakini limo katika mfupa.

Ugonjwa wa selimundu, ambao hospitalini wengi huuita sikoseli, ndio mfano mkuu. Uliandikwa kwa mara ya kwanza katika majarida ya tiba mwaka 1910 na James Herrick wa Chicago, aliyeona chembe zilizopinda kama mundu katika damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha tofauti yenyewe. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi za amino 146. Katika nafasi ya sita, badala ya asidi ya glutami, kuna valini. Katika DNA hilo ni badiliko la herufi moja tu. Kwa sababu ya herufi hiyo, himoglobini inapokwisha kuiacha oksijeni hushikamana na kuwa vijiti virefu, navyo huipinda chembe. Ule ulaini uliopatikana kwa gharama ya kiini hupotea. Chembe hukwama vishipani, mifupa na viungo hukosa oksijeni, na maumivu yake ni makali mno. Badala ya siku 120 chembe huishi siku 10 hadi 20. Uboho hujitahidi kufidia kwa kasi, mpaka mara nyingine hutoa chembe ambazo bado zina viini, na fundi wa maabara anayeziona katika damu ya mtoto mkubwa hujua kwamba kiwanda kimezidiwa.

Bandama nayo huharibika mapema, kwa kawaida kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano, kwa sababu nyufa zake huzibwa na chembe ngumu. Dalili yake hadubinini ni vipande vya viini vilivyobaki ndani ya chembe nyekundu, vile ambavyo bandama nzima ingevitoa. Nukta hiyo ndogo ya zambarau ni onyo kubwa. Mtoto asiye na bandama anaweza kuuawa na bakteria wa nimonia kwa saa chache, na ndiyo sababu watoto wenye selimundu hupewa penisilini kila siku mpaka wafike miaka mitano.

Ugonjwa mbaya namna hii ungetarajiwa kupotea, kwa kuwa wengi waliokuwa nao walikufa kabla ya kuzaa. Kwa nini umebaki, tena kwa wingi? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Aliona kwamba wenye jeni moja ya mundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani ya mundu ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya mundu kutoka kwa mzazi mmoja, na jeni ya kawaida kutoka kwa mwingine, ana kinga dhidi ya malaria. Wakati huo watu wengi hawakumwamini. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa kiasi cha sehemu tisa ya kumi. Kijidudu cha malaria huchagua chembe isiyo na kiini kuwa nyumba yake, lakini akiingia katika chembe yenye himoglobini ya mundu nusu, hukua kwa shida, na mara nyingi chembe hunyweka na kuondolewa pamoja naye.

Pwani ya kusini ni nchi ya malaria tangu kale, na kwa hiyo ni nchi ya mundu pia. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi hesabu yake kwa sarafu mbili. Wazazi wawili wenye jeni moja moja ya mundu, wote wazima kabisa, hurusha sarafu kila mimba inapotungwa: nafasi moja katika nne mtoto apate jeni mbili za mundu na ugonjwa, mbili katika nne awe kama wazazi wake, moja katika nne asiwe nayo kabisa. Ieleweke kwamba sarafu hazikumbuki. Mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakuwapi kinga watatu wanaofuata. Katika mpango wa majaribio uliofanywa Dar es Salaam mwaka 2015 na 2016 walipimwa watoto wachanga karibu 4,000; waliokuwa na ugonjwa walikuwa karibu 8 kwa kila 1,000, na wenye jeni moja walikuwa zaidi ya 12 kwa kila 100.

UKURASA ULIOFUNGWA

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa mzima. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa New York, alieleza sababu: mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, iliyotengenezwa kwa jeni nyingine, ambayo haina mnyororo wa beta. Baada ya kuzaliwa, viini vya chembe changa katika uboho hufunga polepole ukurasa huo wa kwanza na kufungua ule wa beta wenye kosa. Karibu na mwezi wa sita himoglobini ya tumboni imepungua sana, na mama huona vidole vya mikono na miguu ya mwanawe vimevimba, jambo ambalo huweza kudhaniwa kuwa mtoto ameumia tu.

Si watu wote wanaoufunga ukurasa huo kwa nguvu sawa. Katika mashariki ya Saudi Arabia wapo wagonjwa ambao hubaki na himoglobini nyingi ya tumboni hadi utu uzima, na ugonjwa wao ni mwepesi kiasi. Jeni ya mundu iliyoenea Tanzania, ya aina iitwayo ya Kibantu, haina bahati hiyo. Huko Oman hukutwa aina ya Kiarabu-Kihindi, ya Benin na ya Kibantu kwa pamoja. Majahazi yaliyofunga safari kati ya Kilwa na Maskati, yakiwa na wafanyabiashara na yakiwa na watumwa, yameacha kumbukumbu zake katika viini vya uboho wa watu walio hai.

Wataalamu walijiuliza kama ukurasa uliofungwa waweza kufunguliwa tena. Dawa iitwayo hidroksiurea, kidonge kinachomezwa kila siku, hufanya hivyo kwa kiasi. Kwa muda mrefu ilihofiwa kuwatibu nayo watoto wa Afrika, kwa wasiwasi kwamba ingepunguza chembe nyeupe na kuwaacha wazi kwa malaria. Hofu hiyo ilipimwa kwa watoto 606 katika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, vifo vilipungua kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, na malaria yenyewe ikapungua kwa nusu. Hapa Tanzania, Muhimbili imekuwa na mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, ulioanzishwa na Profesa Julie Makani, na ni miongoni mwa mipango mikubwa ya aina yake duniani.

Njia ya pili ni kubadilisha uboho wenyewe. Mgonjwa hupewa chembe shina za ndugu yake anayelingana naye, na tangu siku hizo zinapoota, kila kiini kinachotupwa katika mifupa yake ni kiini kisicho na kosa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikitoa tiba hiyo kwa watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya namna ya tatu: chembe shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa mwilini, ndani ya viini vyao hukatwa kipande cha DNA kinachoamuru ukurasa wa himoglobini ya tumboni ufungwe, kisha hurejeshwa. Kosa la mundu halifutwi; linaachwa palepale, na ukurasa wa zamani unafunguliwa juu yake. Bei yake nchini Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja.

Bei hiyo haiwezi kuzungumzwa Nyangamara. Yanayoweza kuzungumzwa ni penisilini, asidi ya foliki, chandarua chenye dawa, hidroksiurea, na kipimo cha tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga. Kipimo hicho hufaa zaidi kikifanywa katika majuma ya kwanza, wakati ambapo mtoto bado anacheka na kunyonya vizuri, vidole vyake havijavimba, na viini vya uboho wake havijamaliza kuufunga ule ukurasa wa kwanza.